Mwaka Nilioishi na Mayu Holo

Mwezi uliopita nilikwenda Nkoma kumzika Shija, jirani yangu wa zamani. Kijana wa bodaboda aliyenichukua hapa Bariadi alinipandisha kwenye pikipiki kama anapandisha trei la mayai, akanichomekea kanga vizuri isije ikashikwa na tairi, kisha akaendesha polepole hadi tukapitwa na baiskeli. Njiani akashindwa kujizuia. "Bibi, samahani, kwani una miaka mingapi?" Nikamwambia: "Kama unataka kunioa, nina hamsini. Kama unataka kunibebea mzigo, nina tisini." Alicheka mpaka pikipiki ikayumba, na kuanzia hapo akaongeza mwendo, nadhani aliona kumbe abiria wake bado mzima. Msibani nako, wanawake wenzangu walikaa chini kwenye mikeka, mimi nikaletewa kiti. Sikukiomba. Binti mmoja akaniinamia, akanipigia kelele sikioni kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto: "Bibi! Utakula wali au ugali?" Nikamjibu nitakula vyote, na kama kuna mfupa aulete, nimebakiwa na meno ya kutosha. Akacheka, akakaa karibu yangu, na kuanzia hapo akazungumza na mimi kama mtu mwenzake. Majibu hayo si yangu. Nimeyapata kwa mama mmoja mzee niliyeishi naye mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na pale kwenye kiti cha msiba, nikimtazama Shija akishushwa kaburini, niliona ni mimi peke yangu niliyebaki wa kuusimulia mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila mzee na mji wake, ng'ombe wake na uwanda wake wa kulishia, waliletwa pamoja wakapangwa kwa mistari, nyumba na nyumba, na mtu akafumbua macho asubuhi akakuta jirani hamjui hata jina. Mimi nilitumwa kutoka Nassa, kando ya ziwa, kwenda Nkoma nikafundishe watu wazima kusoma na kuandika. Nilikuja na sanduku la bati, chaki, na furushi la furu wakavu, kwa sababu niliambiwa huko bara hakuna samaki. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Sitta, mtu mwembamba aliyependa kuvaa koti hata jua likiwa kali, alinitazama akasema, "Utakaa kwa Mayu Holo. Ana chumba." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Wanawake wawili wakanibebea sanduku. Tulipofika kwenye ua wa minyaa wakalitua chini, nje, wakasema kazi zinawangoja. Nilidhani wamechoka. Sanduku nililiburuta mwenyewe hadi ndani.

Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo kama la kupitishia paka, na jiwe la kusagia pembeni, maana kabla yangu kilikuwa chumba cha kusagia mtama. Ukuta wa kushoto ulipakana na jiko. Na jiko lile sitalisahau. Miti ilikuwa imekwisha zamani upande ule, kwa hiyo watu walipikia mabua ya pamba, na mabua yakiisha, samadi kavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mzito, haupandi, unakaa usawa wa uso wa mtu aliyechutama. Mayu Holo alikuwa amechutama kwenye moshi huo tangu awe bibi harusi. Macho yake yalikuwa mekundu, kope zimevimba, na alipokutazama ulifikiri ametoka kulia, hata kama alikuwa anacheka. Na mara nyingi alikuwa anacheka. Siku ile ya kwanza nilimpigia magoti nikamwamkia kwa adabu zote, "Mwadila, mayu," akaitikia, kisha akaniuliza, "Unaweza kuinuka mwenyewe hapo ulipo?" Nikasema ndiyo. "Basi inuka upesi unionyeshe, nimesahau inavyofanywa."

Magoti yake aliyapa majina ya waume zake wawili, wote marehemu. La kulia lilikuwa Masanja, kwa sababu halikutaka kuamka asubuhi. La kushoto lilikuwa Nkwabi, kwa sababu mvua ikikaribia tu lilianza kulalamika. Nilikuwa nikisikia kupitia ukuta, alfajiri, akizungumza nayo: "Masanja, amka baba, ng'ombe wanangoja. Wewe Nkwabi nyamaza, umeshasema jana." Alikuwa na ng'ombe watatu tu, na mmoja wao, alisema, ni mzee kuliko yeye, ila ng'ombe ana bahati, hakuna anayemwuliza umri. Yeye mwenyewe umri wake ulibadilika kufuatana na haja. Kwenye foleni ya duka la kijiji, sukari ilipokuja, alikuwa na miaka mia moja na watu wampishe. Kwenye ngoma ya mavuno alikuwa na arobaini.

Kila jioni alikuja Luhende kula. Huyu alikuwa mzee mwembamba, mrefu, aliyekuwa mkwe wa ndugu wa marehemu Masanja au kitu cha namna hiyo, sikuwahi kuelewa vizuri, na mkewe alikuwa amekufa. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, fimbo magotini, na kabla hajanawa mikono vita vilikuwa vimeshaanza. "Holo," alikuwa akisema, "ulipozaliwa wewe, twiga walikuwa bado na shingo fupi." Na yeye kutoka ndani ya moshi: "Ndiyo, na wewe ndiye uliyewavuta." Mimi alinichumbia siku ya kwanza, kama wazee wanavyowatania wajukuu. "Mke wangu Kabula," alisema, "umekuja, sasa huyu mama apumzike." Mayu Holo akatoa kichwa mlangoni akanipokea rasmi: "Karibu, mke mwenzangu. Mchukue tu. Usiku anakoroma, mchana anasahau. Akikupotea usimtafute, mimi nilishamchoka kabla hajanioa." Tulikula ugali wa mtama kwa mlenda na maziwa ya mgando, na siku nyingine matobolwa, viazi vitamu vikavu, yaliyopikwa na karanga. Furu wangu Luhende aliwapenda sana. Mayu Holo aliwaogopa. "Hawa wananitazama," alisema. "Mbuzi ukimpika, anafumba macho. Hawa mpaka kwenye sahani wanataka kujua mambo yako."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimelelewa kwamba mzee ni wa kunyamaziwa. Ukicheka mbele yake umekosa adabu. Kwa hiyo wiki za mwanzo nilikuwa najibana, naangalia chini, natoka nje kucheka nyuma ya zizi. Mayu Holo aliligundua hilo. "Mwalimu," aliniambia siku moja tukipepeta mtama, "mbona unakwenda kucheka na ndama? Ndama hajui Kisukuma." Sasa ninapoletewa kiti msibani na watoto wakinyamaza nikiingia, najua alichokuwa anakikataa. Heshima ya kunyamaza inakuweka pembeni. Wanakupa kiti kizuri, halafu mazungumzo yanaendelea mahali pengine.

Darasa langu lilikuwa kivulini upande wa mashariki wa godauni la pamba, alasiri, watu wakitoka shamba. Walikuja zaidi wazee, kwa sababu vijana walisema wamechoka. Nilikuwa na mzee mmoja ambaye mkono ulimtetemeka, kila akiandika herufi *m* inatoka na vilima vitano au sita. "Mwalimu," alisema, "mkono wangu umeongeza milima, chagua unayoitaka." Wenzake walicheka mpaka wakakohoa. Mayu Holo alikaa mbele kabisa, pua karibu na ubao, kwa sababu kuona alikuwa haoni vizuri. Siku aliyoweza kusoma neno *pamba* mwenyewe, silabi kwa silabi, aliligusa pale ubaoni kwa kidole likafutika kidogo. "Nimekilima kitu hiki tangu sijaota matiti," alisema, "leo ndiyo naona uso wake." Luhende alikataa kuja. Alisema akijifunza kusoma leo, kesho atakufa, na elimu yote itaozea ardhini bila kuliwa na mtu.

Nyumba iliyofuatana na yetu ilikuwa ya Maduhu na mkewe Shija. Shija alikuwa karibu rika langu, labda mwaka mmoja mbele, mrefu, mwenye mwanya mzuri wa meno, na mtoto wa kike mgongoni ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Walikuwa wametoka upande wa Meatu, Mayu Holo alikuwa ametoka bondeni karibu na mto, hawakuwa wanajuana kabla ya mstari ule wa nyumba. Kule alikokaa zamani, majirani zake walikuwa wamemwona akiwa kijana, akiwa mke, akiwa mama wa watoto waliokwenda kutafuta kazi mbali. Waliyaona macho yake yakibadilika mwaka baada ya mwaka. Hapa watu walimkuta tayari ni mzee, peke yake, na macho mekundu. Nilianza kusikia maneno kisimani. Hawakuyasema mbele yangu, walikuwa wakinyamaza ninapofika, lakini kisima kilikuwa chini ya mteremko na sauti ilipanda. "Mtu hana mume, hana mtoto, anacheka nini kila siku?" Sauti nyingine: "Macho yale hayakuwa hivyo bure."

Kiangazi kilipokaza, surua iliingia. Watoto kadhaa walikufa, wengi wao kule ng'ambo ya mto. Kisha mtoto wa Shija akashikwa. Mganga wa zahanati alikuwa mbali, na siku waliyoamua kumpeleka, mtoto alifia mgongoni mwa mama yake kabla hawajafika barabara kuu. Shija alirudi naye hivyo hivyo, amembeba, hakutaka mtu ampokee. Mayu Holo alifunga kanga nyeusi akaenda msibani kwa fimbo yake. Alikaa chini na wanawake. Na mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona wanawake waliokuwa karibu naye wanainuka mmoja mmoja, huyu anakwenda kuchota maji, huyu anakwenda kuangalia chungu, hadi yeye akabaki peke yake kwenye mkeka. Alikaa pale mpaka mazishi yalipokwisha. Tuliporudi nyumbani hakusema kitu kuhusu magoti.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita kwa jina. Alipopita na kuamkia, "Mwangaluka," watu walikuwa wanatazama mambo mengine. Watoto walikimbia. Darasani wazee wenzake walisogea kidogo, na hata yule wa milima hakutania tena. Maduhu alikwenda kupigiwa ramli kwa mganga mmoja wa kienyeji, na aliporudi hakutaja jina, lakini alisema ameambiwa adui yuko karibu, upande wa jua linapozama. Upande huo ulikuwa sisi. Nilikuwa nakata mboga za kunde jikoni nilipowasikia wanaume wawili wakizungumza nyuma ya ua, taratibu kabisa, kama wanaopanga kazi ya kesho. Mmoja alisema kikao kiitwe, bibi aondoke kwa amani. Mwingine akasema akikataa kuondoka kwa amani kuna njia nyingine. Katika nchi yetu kila mtu alijua njia nyingine ni ipi. Nilikuwa nimeshasikia habari za akina mama wazee waliokutwa wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu, yaliyosemwa kuwa ya mchawi. Kisu kilinitoka mkononi. Mayu Holo alikuwa amekaa mlangoni, na ingawa macho yake yalikuwa mabovu masikio yalikuwa mazima. Alisema, "Okota kisu, mwanangu, kitaliwa na kutu."

Mwenyekiti Sitta alikuja kesho yake, koti lake limefungwa vifungo vyote. Hakuingia. Aliniita nje ya ua. "Mwalimu, nimefikiri uhamie kwangu. Mke wangu atakuandalia chumba. Wewe ni mgeni wa serikali, likitokea jambo mimi nitaulizwa." Nikamuuliza, "Na Mayu Holo likimtokea jambo, nani ataulizwa?" Akatazama mbali, kwenye mashamba ya pamba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa watu wake. Nikamwambia nashukuru, nitabaki, sanduku langu ni zito. Sikuwa shujaa. Nilirudi ndani nikakaa kitandani, nikajaribu kufikiri ningesema nini kwetu Nassa kama wangeniuliza kwa nini sikuondoka. Jibu nililolipata ni kwamba mtu uliyekula naye ugali miezi yote ile, ukaondoka siku anapotishiwa, ugali ule utaula wapi tena ushuke?

Jioni hiyo Luhende alikuja kama kawaida na kigoda chake, lakini vita havikuanza. Tulikula kimya. Nikamuuliza Mayu Holo, kwa sababu kimya kile kilinitisha kuliko wale wanaume, kwa nini siku hizi hatanii. Alilamba kidole kilichobaki na mlenda. "Mtu akicheka na wewe," alisema, "hawezi kukuogopa wakati huo huo. Mimi nimekaa kwenye moshi huu tangu utoto, nimeona mama yangu macho yanageuka, nikaona ya shangazi, nikajua na yangu yatageuka. Nikasema basi nitakuwa bibi wa kuchekesha. Nimewachekesha watu miaka mingi sana, Kabula. Sasa wameogopa, na mimi vichekesho vimeniishia." Luhende akasema, "Mimi bado nakucheka." "Wewe siyo watu," akamjibu, na nilimshukuru Mungu, maana hapo kidogo ilirudi sauti yake.

Siku zile zilizofuata hakutoka nje. Alishikwa na homa, akalala kwenye ngozi yake ya ng'ombe uso ukutani. Kwa hiyo kupika kukawa kazi yangu, na mabua ya pamba yalikuwa yamekwisha. Nilichutama kwenye moshi wa samadi asubuhi na jioni. Sisi wa ziwani tumezoea kuni za kuokota ufukweni, sikuwa na uzoefu wa moshi ule. Macho yalinivimba, yakawa mekundu kama pilipili, machozi yakinitoka hata darasani nikiandika ubaoni. Nilikwenda kisimani hivyo. Wanawake walinitazama wakarudi nyuma na ndoo zao. Shija alikuwepo, amenyoa nywele kwa ajili ya msiba, na kwa mara ya kwanza niliona tumbo lake limeanza kujitokeza. Hakurudi nyuma. Alinitazama muda mrefu. "Mwalimu, macho hayo umefanya nini?" "Moshi," nikasema. "Mayu anaumwa. Napika mimi." Alinisaidia kujitwika ndoo, akaondoka zake.

Kikao kiliitwa mbele ya godauni. Wanaume walikaa kwenye magogo na vigoda, wanawake chini upande wao. Mayu Holo alitakiwa afike, na alifika, mimi nimemshika mkono mmoja na Luhende mkono mwingine, ingawa ukweli ni kwamba katika sisi watatu sijui nani alikuwa amemshika nani. Ndugu Sitta alifungua kwa maneno mengi ya umoja na kujitegemea. Kisha Maduhu akasimama. Alikuwa kijana mpole, na huzuni ilikuwa imemkausha uso. Alisema hana ugomvi na mtu, ila hawezi kulala, na anaomba mama huyu ahamishwe mbali na nyumba yake, mbali na kijiji, kwa usalama wa watoto. Kulikuwa na mngurumo wa kukubali. Mwenyekiti akamuuliza Mayu Holo kama ana la kusema. Aliinuka kwa shida. "Mimi nilikuwa mbali," alisema. "Mmenileta nyinyi na lori, na vyungu vyangu viwili vikavunjika. Mkinirudisha, leteni na lori." Hiyo ingewachekesha watu mwezi mmoja kabla. Hakuna aliyecheka. Alisimama akingoja, nikamwona anawatafuta kwa macho yake mabovu, nyuso zile alizokuwa akizifahamu kwa kicheko chao. Kisha akakaa.

Nilikuwa najiandaa kusimama mimi. Sijui ningesema nini, labda habari za moshi na za surua kama nilivyofundishwa chuoni, na labda wangenisikiliza kama wanavyosikiliza redio. Lakini Shija alikuwa ameshasimama. Mwanamke kusimama katika kikao kile kumpinga mumewe ni jambo ambalo hata sasa silioni mara nyingi. "Ndugu mwenyekiti," alisema, "mnasema mtoto wa Maduhu, mtoto wa Maduhu. Mimi ndiye niliyemzaa. Mimi ndiye niliyemwosha. Alikuwa na vipele mwili mzima mpaka mdomoni. Kule ng'ambo ya mto wamezikwa watoto wenye vipele hivyo hivyo, na huyu mama hajawahi kuvuka mto tangu aje." Maduhu akamwambia akae. Hakukaa. "Mwalimu huyu alikuja macho meupe. Amepika kwa wiki moja tu, mtazameni. Na mama yangu mzazi, kule Meatu, macho yake ni mekundu kuliko ya Holo. Miti imekwisha, anapikia samadi. Akija kunitazama nikijifungua, mtamfukuza? Mtamkata?" Neno lile alilisema wazi, na watu wakainamisha vichwa. Kisha sauti ikamshuka, nadhani alikuwa amejichosha. "Na mimi ninapikia samadi kila siku. Nikizeeka, mtanipeleka wapi?"

Alikaa. Hapakuwa na makofi wala vigelegele. Niliona wazee wa kiume wametulia tuli, na nadhani kila mmoja alikuwa anamfikiria wa kwake, aliyemwacha nyumbani amechutama jikoni. Maduhu alibaki amesimama kidogo, akamtazama mkewe, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe, akaondoka. Mwenyekiti Sitta, ambaye alikuwa anasubiri apate mahali pa kusimama, alipapata. Alisema kijiji hakimfukuzi mtu, na atakayemgusa mama huyu atakuwa amemgusa mwenyekiti. Halafu akafungua kifungo cha juu cha koti lake.

Nisidanganye kwamba mambo yalinyooka. Wapo waliokataa kumwitikia mpaka mwaka ukaisha. Familia moja iliomba kiwanja mstari mwingine. Maduhu alikuwa akipita mbele ya ua wetu uso umegeukia upande wa pili, miezi mingi, na sikumlaumu, maana alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka uchungu wake. Lakini yule mzee wa milima alirudi kukaa karibu na Mayu Holo darasani, na Luhende alianza tena vita, na homa ilipokwisha niliamka asubuhi moja nikasikia kupitia ukuta, "Masanja, amka baba," nikalia kidogo, nikasingizia moshi.

Mimi niliondoka mwisho wa mwaka, nikapelekwa shule nyingine. Mayu Holo aliishi baada ya hapo mavuno mengi, akafa usingizini, kwa uzee tu. Kwa mwanamke wa macho mekundu, nyakati zile, kufa kwa uzee ilikuwa bahati kubwa. Aliyenipa habari alisema Luhende alikaa kando ya kaburi akilalamika kwamba amekatizwa katikati ya jibu. Sikuwepo. Nililo nalo mimi ni la wiki niliyokuwa nafunga sanduku langu. Mvua zilikuwa zimeanza, Nkwabi alikuwa akilalamika tangu alfajiri, na Mayu Holo alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba akiota jua dogo lililotokeza. Shija aliingia uani. Hakusimama kwenye minyaa kama wengine, aliingia moja kwa moja, na mikononi alikuwa na mtoto mchanga amemfunika kwa kanga. Nyuma yake, nje ya ua, nilimwona Maduhu amesimama na fimbo yake ya kuchungia. Alikuwa amekuja, ila miguu ilikuwa haijamkubalia kuingia. Na kwa kuwa nyumba zilikuwa kwa mstari, wanawake waliokuwa wakipalilia bustani zao wote waliinua vichwa kutazama.

Shija akapiga magoti akamweka mtoto mapajani mwa Mayu Holo.

Mayu Holo hakumgusa kwanza. Mikono aliishika hewani, akamtazama Shija kama anayemwuliza una uhakika, na Shija akaitikia kwa kichwa. Ndipo akafunua ile kanga. Akasogeza uso karibu kabisa, kama alivyokuwa akisogeza kwenye ubao, akamchunguza yule mtoto taratibu, kichwa kisicho na nywele, mdomo usio na jino, ngozi yenye makunyanzi, mguu uliokuwa bado hauwezi kitu. Mtoto akamlowesha. Mayu Holo akainua yale macho yake mekundu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kule bustanini:

"Nilidhani wa rika langu wote wamekufa. Kumbe bado mmoja."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa nje ya ua, ameshika fimbo ya kuchungia.